Zamu za Ndekirwa

Mbwa ndiye aliyemtambua kwanza.

Aikande Mlay alikuwa akishuka mteremko, fimbo ya kupimia ikiwa begani na droni yake ndogo ikielea mbele yake usawa wa migomba, aliposikia kitu kinatimua majani makavu. Tangu barafu ya mlima ibaki kipande kimoja tu, watu wa huko walikuwa wakifufua mifereji ya mababu iliyozibwa zamani, na kazi ya Aikande ilikuwa kupima mahali maji yatakapopita. Ilikuwa kazi ya kutembea. Alikuwa ametembea tangu asubuhi bila kupumzika hata mara moja.

Mbwa wa rangi ya majivu alichomoka migombani akamjia mbio. Aikande aliogopa mbwa tangu utotoni. Moyo ulimruka, mikono ikaikamata fimbo kama rungu, lakini miguu iliendelea kushuka taratibu vilevile, kwa kuwa haikuwa na njia ya kujua kwamba mwenyewe ameogopa. Akabonyeza kitufe kiunoni. Ikasimama.

Mbwa hakubweka. Alijilaza mbele ya viatu vyake, akatikisa mkia mpaka mgongo wote ukayumba, akatoa ile sauti nyembamba ya mbwa anayempokea bwana wake kutoka safari. Kisha akainua kichwa, akanusa mkono wa Aikande, akarudi nyuma. Akamtazama usoni, kama aliyedanganywa. Halafu akainama tena kwenye viatu.

"Usiogope dada, huyo hang'ati," sauti ilisema kutoka juu ya njia.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mundu mkononi, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Aikande alimshukuru, akawasha miguu, akaendelea kushuka ili ampishe. Alikuwa amekwenda hatua chache tu aliposikia mzigo wa majani ukianguka chini.

"Simama."

Akasimama.

"Tembea tena. Kama ulivyokuwa unatembea."

Aikande alikwisha kuzoea watu kuishangaa miguu yake. Alipandisha pindo la suruali akamwonyesha vibandiko vilivyopangwa kutoka kifundoni kwenda juu. "Ni umeme tu, mama. Uti wa mgongo uliumia, amri za kichwani hazifiki tena chini. Hivi ndivyo vinavyoiamsha misuli badala yake."

"Sijauliza umeme. Nauliza mguu wa kushoto." Mwanamke yule alikuwa amesogea, akauelekeza mundu kwenye mguu ule. "Unagusa kwanza. Unangoja. Ndipo unakanyaga. Nani amekufundisha hivyo?"

"Hakuna aliyenifundisha."

"Basi umeuiba. Huo ni mwendo wa mume wangu, na mume wangu nimemzika."

*

Aikande alirudi mjini jioni ile bila kumaliza kupima, na njia nzima alikuwa akiutazama mguu wake wa kushoto.

Alianguka na ukingo wa mto akiwa kazini, na miaka iliyofuata aliiishi kwenye kiti cha magurudumu. Alipowekewa umeme wa kusisimua misuli kwa mara ya kwanza, alisimama, akalia kwa furaha, na kabla hajamaliza kulia miguu ilianza kutetemeka ikamwangusha. Kila siku ilikuwa hivyo. Alivuka chumba, akafika mlangoni, basi. Misuli ilikuwa mizima, ila ilichoka kama misuli ya mtu aliyepanda kilima akikimbia.

Walimweleza sababu. Mtu mzima anapotembea, nyuzi za msuli hazifanyi kazi zote pamoja. Hupokezana zamu: hizi zinavuta, zile zinapumzika, na mwili huanza kuziita zile nyembamba zenye uvumilivu, zile nene zikawekwa akiba. Umeme wa nje hauna adabu hiyo. Unaziamsha zote kwa mpigo mmoja, tena huanza na zile nene zenye nguvu nyingi na pumzi fupi. Ni sawa na kuwaamsha askari wote wa lindo wakeshe pamoja, halafu kushangaa kwamba wote wamesinzia.

Ndipo Taasisi ya Mwendo ikaleta Zamu ya Mlima. Ilikuwa orodha ya kuwaita askari mmoja mmoja, iliyochukuliwa kutoka kwa mwili ulio hai: vibandiko vingi vidogo, kila kimoja na kundi lake la nyuzi, kila kundi na wakati wake wa kuvuta na wakati wake wa kulala. Siku ya kwanza Aikande alitembea mpaka mabega yakamuuma. Miguu ilikuwa bado haijatoka jasho. Walimwambia ni mchanganyiko wa watu wengi, naye hakuuliza zaidi. Mtu aliyepewa miguu haulizi sana.

Yapo mambo mawili ambayo hakuwahi kumwambia mtu nje ya Taasisi. La kwanza ni ule mguu wa kushoto, ambao hata kwenye sakafu ya vigae uligusa na kungoja, kana kwamba chini yake pana mawe yasiyoaminika. La pili lilitokea kwenye miteremko mikali tu. Mara mojamoja, bila yeye kugusa kitufe, miguu ilisimama. Ilisimama kama mtu aliyesikia anaitwa. Halafu ilimgeuza polepole, ikamwacha akitazama alikotoka, juu, kwenye ukungu.

Fundi wa Taasisi aliliita jambo hilo hitilafu ndogo.

*

Injinia Nakijwa Mshana ndiye aliyeitengeneza Zamu ya Mlima. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwenye tabia ya kusafisha miwani wakati hana jibu. Aikande alipomtajia jina alilopewa kule mteremkoni, Ndekirwa Massawe, alivua miwani.

"Nani amekuambia?"

"Mkewe. Na mbwa wake."

Injinia alisafisha kioo kimoja, akahamia cha pili.

"Tuliwahi kuchanganya watu wengi kweli," alisema. "Haikufaa. Zamu za watu tofauti zinagongana, kama kwaya ambayo kila mmoja ameshika wimbo wake. Ilibidi zitoke kwa mtu mmoja. Tukawaomba wapagazi wa mlimani wavae suruali zenye vihisi wakiwa kazini. Walikubali, na Ndekirwa alikuwa mmoja wao. Zilikuwa zamu nzuri, lakini hata mpagazi anachoka. Ukimwekea mgonjwa zamu za mpagazi, anatembea kidogo zaidi ya wengine, basi."

"Sasa hizi zangu je?"

"Hizo ni za siku moja tu. Siku ya mwisho."

Aikande aliyasikia maneno hayo, na kwa muda hakuyaelewa.

"Dhoruba iliwakuta kule juu," Injinia aliendelea. "Suruali ilirudishwa kwetu pamoja na vitu vingine. Tulipoisoma hatukuamini. Mwili wake ulikuwa umekwisha, Aikande. Ulipaswa kuanguka. Badala yake ukagundua namna ya kugawana kile kidogo kilichobaki. Nyuzi zilipokezana kwa ufundi ambao sijauona kwa mtu yeyote aliye salama, na sidhani kama mtu aliye salama anaweza. Ndiyo maana huchoki. Unatumia zamu za mtu aliyekataa kuchoka."

"Kwa hiyo natembea na kifo chake."

"Unatembea na saa zake za mwisho za kuwa hai."

"Mkewe aliambiwa?"

"Mkataba wake uliruhusu vipimo vyote vya—"

"Sijauliza mkataba, Injinia."

Injinia Mshana alivaa miwani yake. Nje ya dirisha watu wa Taasisi walikuwa wakifanya mazoezi uwanjani. Msichana mmoja aliyevunjika shingo alikuwa akizunguka uwanja kwa mara ya kwanza, baba yake akimfuata nyuma mikono imetandazwa, tayari kumdaka. Msichana yule hakuyumba. Mguu wake wa kushoto uligusa, ukangoja, ukakanyaga. Nyuma yake alikuja mzee mmoja, naye vilevile. Aikande aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Uwanja mzima ulikuwa ukitembewa na mtu mmoja.

"Ile hitilafu," alisema bila kugeuka. "Miguu ikisimama kwenye mteremko na kunigeuza. Ni nini?"

"Tumejaribu kuikata. Zamu bora kuliko zote za kushuka ziko jirani kabisa na pale. Ukikata karibu mno unaziharibu."

"Pale wapi?"

"Pale alipogeuka."

"Aligeuka akaenda wapi?"

"Juu," alisema Injinia. "Alirudi juu."

*

Yule mwanamke aliitwa Eliwaza. Aikande alipokwenda kumwona mara ya pili alikwenda kwa miguu, kwa kuwa njia ya kwake ilikuwa ya kupanda na hakufikiri vizuri. Mbwa alimpokea getini kama mara ya kwanza, akamnusa, akavunjika moyo vilevile. Eliwaza alimfunga mbwa nyuma ya zizi, akamkaribisha Aikande kiti, akakaa mbali naye.

Aikande alimweleza yote, bila kupamba. Eliwaza alisikiliza akichambua maharage, hakuinua macho. Lakini lilipofika neno la kurudi juu, mikono ilisimama.

"Sema tena."

"Alikuwa ameshafika chini kidogo. Akasimama. Akageuka, akapanda."

Eliwaza aliisukuma sinia pembeni.

"Unajua watu hapa wanasemaje? Walikuwa wawili nyuma ya msafara, yeye na Mathei Lyaruu, mtoto wa jirani, huyo wa ng'ambo ya kijito. Mathei alikutwa juu, amefunikwa na mawe. Mume wangu alikutwa chini sana, peke yake. Wakasema mawe yaliporomoka, Ndekirwa akakimbia akamwacha mwenzake. Siku ya mazishi mzee Lyaruu alisimama mbele ya watu wote akasema, 'Huyu mnamlilia nini? Huyu alikimbia.' Nami nilikuwa nimekaa pale, mkono juu ya jeneza. Toka siku hiyo hatujasalimiana na nyumba ile. Mama mkwe wangu amekufa na aibu hiyo." Akapangusa mikono kwenye khanga. "Na nyinyi mlikuwa na jambo hili, mmelifungia."

"Mimi sikujua, mama."

"Wewe hukujua. Ulitembea tu."

Kijito kilisikika bondeni. Ng'ambo yake, kati ya migomba, lilionekana paa la bati la nyumba ya Lyaruu.

"Alirudi kufanya nini?" Eliwaza aliuliza.

"Hawajui. Kihisi kilirekodi misuli tu, hakikuwa na macho wala masikio. Walichukua vipande vilivyowafaa, mengine hawakuyasoma. Lakini yapo. Yanaweza kurudiwa yote, mwanzo hadi mwisho, bila kukatwa. Mimi ni mpimaji, Eliwaza. Nikipewa hatua za mtu naweza kusema alipita wapi na alifanya nini. Ila lazima pawepo na miguu ya kuyatembea."

"Miguu yako."

"Ndiyo."

"Yaani unataka nikae nimtazame mume wangu akifa mara ya pili, tena kwa miguu ya mwanamke nisiyemfahamu."

"Sitaki. Nimekuja kukuuliza wewe unataka nini."

Eliwaza alimtazama, si usoni, bali magotini.

"Na nikisema hapana? Nikisema mwacheni alale? Utarudi kwenye kiti chako, au utaendelea kumtembeza?"

Aikande aliitazama miguu yake. Alikiona chumba chake cha zamani, safari ya kutoka kitandani hadi mlangoni, na mlango. Alimwona msichana wa uwanjani na baba yake aliyetandaza mikono. Alijua jibu la haki ni lipi na alijua jibu lake mwenyewe ni lipi, na hayakuwa jibu moja.

"Angalau husemi uongo," alisema Eliwaza. Alisimama, akaichukua sinia yake. "Mwambieni Lyaruu. Kama atakuja yeye mwenyewe na macho yake, nitakuja. Asipokuja, sihitaji kujua kitu ambacho nimekijua siku zote."

*

Injinia Mshana alikataa kwanza. Alisema misuli ya Aikande ni midogo kuliko ya mpagazi. Msuli ukifanyishwa kazi kupita kiasi huvunjika, na mabaki yake yanaweza kuziba figo. Alisema pia kwamba mgonjwa asiyesikia maumivu hana wa kumwambia basi. Aikande alijibu kwamba amebebwa na mtu huyo mwaka mzima na zaidi, na hajawahi kumuuliza alikuwa anakwenda wapi. Safari hii Injinia hakuvua miwani. Alisema atapunguza nguvu ya umeme, na atabaki na mkono kwenye swichi.

Mzee Lyaruu alikuja. Alivaa koti la kanisani, akakaa kwenye kiti cha ukutani, kofia juu ya magoti. Eliwaza alikaa upande wa pili wa chumba. Mzee alisema, "Hamjambo," kwa watu wote, na Eliwaza akaitikia kwa watu wote.

Aikande alifungwa mikanda ya kumshikilia mabegani na kiunoni, juu ya mkanda mpana wa mashine ambao uliweza kuinuka na kuinama kadiri miguu ilivyotaka. Mbele yake palikuwa na kioo kilichochora mstari: ukipanda, amepanda, ukishuka, ameshuka. Chini ya mstari palikuwa na kipimo cha uzito ambao misuli ilikuwa ikiubeba.

Injinia aliwasha.

Mwanzo ulikuwa mwendo alioufahamu. Miguu ilishuka kwa uangalifu, wa kushoto ukigusa na kungoja. Hatua zilikuwa fupi, na mara kwa mara zilisita kama za mtu anayesukumwa na upepo wa ubavuni. Aikande hakusikia kitu miguuni, lakini alisikia nyonga zikivutwa, na mabega yakibeba mshtuko wa kila hatua. Kisha miguu ikasimama.

Alipafahamu pale. Hapo ndipo alipogeuzwa mara nyingi akaachwa akitazama ukungu. Lakini sasa hapakukatwa. Miguu ilisimama muda ambao hakuutarajia. Ilihamisha uzito upande mmoja, ikahamisha upande wa pili. Ilishuka hatua moja. Ikarudi. Kila aliyekuwamo chumbani alimwona mtu anayebishana na nafsi yake, na Eliwaza akaweka kiganja kinywani, kwa sababu alijua hivyo ndivyo mumewe alivyosimama mlangoni kila alipotaka kutoka na hakutaka kutoka.

Ikageuka. Ikapanda.

Kupanda kulikuwa kugumu kutazama. Magoti yalikataa, kisha yakapanda. Injinia alinong'ona kwamba hapa ndipo zamu zinapoanza, zile ambazo hakuna mtu mwingine anazo, na hakuna aliyemjibu. Aikande alikuwa akitokwa jasho usoni, miguu ikiwa mikavu kabisa. Mstari ulipanda, ukapanda. Halafu magoti yakakunjwa yakafika chini, yakakaa huko, na yalipoinuka yaliinuka yakitetemeka, na kipimo cha uzito kikaruka.

"Amebeba," alisema Injinia.

"Amebeba nini?" aliuliza Mzee Lyaruu. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu ile salamu.

"Mtu, mzee. Uzito wa mtu."

Mzee aliinamisha kichwa. Miguu ikaanza kushuka, nzito, nyayo zikikokota. Mikanda ilimkata Aikande mabegani. Alitaka kusema kitu akakosa pumzi. Ilishuka hivyo muda mrefu, ikapumzika, ikashuka. Kisha magoti yakainama tena polepole sana, kama ya mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia, na uzito ukaondoka.

Kipimo kilirudi chini.

"Amemwacha," alisema Mzee Lyaruu, akasimama. Sauti haikuwa ya hasira, ilikuwa ya kuchoka. "Si nilisema? Alimbeba, akamchoka, akamwacha. Nisaidieni jambo moja tu. Alipomweka chini alikuwa hai?"

"Miguu haiwezi kujua hilo, mzee wangu," alisema Aikande.

"Basi mmeniita nije nione nini?"

Alikuwa amekwisha kuvaa kofia. Lakini Eliwaza alisema, "Hajaondoka," na mzee akatazama.

Miguu haikuwa imeondoka. Ilikwenda hatua chache pembeni, ikainama, ikainuka. Ikarudi palepale, ikainama. Ikaenda upande mwingine, ikainama, ikainuka, ikarudi. Kila ilipoinuka kipimo kilionyesha uzito kidogo, na kila iliporudi palepale uzito uliondoka. Mwanzoni uzito ulikuwa mkubwa. Baadaye ukawa mdogo na mdogo zaidi. Haikuacha. Mtu ambaye mwili wake ulikuwa umekwisha alienda na kurudi, alienda na kurudi, akizunguka mahali pamoja, na nyuzi za misuli yake zikapokezana kile kidogo kilichobaki ili afanye kazi hiyo badala ya kuteremka.

"Anaokota kitu," alisema Injinia.

Mzee Lyaruu alikuwa amekaa tena. Kofia ilimwanguka, hakuiona.

"Mawe," alisema. "Walinionyesha picha. Mawe makubwa chini, madogo juu. Nikamwambia aliyeleta picha, mbona mawe ya kuporomoka hayakai hivi? Akasema mlimani kila kitu kinawezekana. Nikanyamaza. Nilikuwa nimeshapata mtu wa kumchukia." Akajifunika uso kwa viganja. "Alimzika. Mwanangu alizikwa."

Eliwaza alilia bila sauti, amenyooka, mikono mapajani. Hakwenda kwa mzee, na mzee hakuja kwake. Miguu ya Aikande ilikuwa imemaliza kazi ile, imesimama kidogo, na sasa ilikuwa ikishuka tena, nyepesi, peke yake. Hatua zilikuwa za mtu anayetembea usingizini.

Injinia alisogea kwenye swichi. "Kilichobaki ni kifupi," alisema taratibu. "Ni mpaka mwisho. Aikande, misuli yako—"

"Eliwaza aseme," alisema Aikande kwa shida.

Eliwaza alisimama. Alikwenda mpaka mbele ya mashine, akaitazama miguu ile ikishuka kumjia bila kumfikia.

"Zima."

"Hutaki kujua kama—"

"Alipoangukia napajua, nilionyeshwa. Zima. Haya yaliyobaki ni yake mwenyewe."

Swichi ilishuka, na miguu ikaning'inia. Mguu wa kushoto ulikuwa umekwisha kugusa mkanda. Ulikuwa ukingoja.

*

Aikande alilazwa hospitali, mkojo una rangi ya kahawa, dripu mkono wa kulia na dripu mkono wa kushoto, hadi figo zikatulia. Injinia Mshana alikuja kumwona, akamwambia amefuta kile kipande cha mwisho, na kwamba ameiomba Taasisi iache kuwawekea watu wapya Zamu ya Mlima mpaka mwenye haki aseme. Wale waliokwisha kuwekewa wameulizwa. Wengine wamezima wenyewe. Msichana wa uwanjani hakuzima, na baba yake alikuja ofisini akapiga magoti kumwombea asizimiwe.

Aikande alizima. Hakujiona mwema kwa hilo. Kila alipojaribu kuwasha alimwona mtu anayekwenda na kurudi na mawe, na mkono ukatoka kwenye kitufe. Alirudi kwenye umeme wa zamani, safari ya kitandani hadi mlangoni. Kazi ya mifereji ilichukuliwa na mtu mwingine. Usiku alishika mapaja yake, yasiyosikia, akajiuliza kama msuli unaweza kukumbuka kitu ambacho mwenyewe hakukiishi.

Mvua za masika zilipita kabla Eliwaza hajaja. Alikuja nyumbani kwa Aikande bila taarifa, na ndizi za kupika kwenye kikapu, akakaa kitandani kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na Aikande alikuwa amekikalia.

"Lyaruu alivuka kijito," alisema. "Alikuja na jani la sale."

Aikande alijua maana yake. Huko kwao mtu akikujia na jani la sale anaomba msamaha, na hakuna anayemfukuza.

"Ukalipokea?"

"Nililipokea. Halafu sikulala siku kadhaa, kwa sababu nilikuwa nimezoea kumchukia, naye alikuwa amezoea kunichukia, na sasa hatujui tusemezane nini. Amekuwa akija kukaa tu. Anakaa, anakunywa chai, anaondoka." Aliinua kikapu akakiweka chini pasipo na haja. "Yule injinia wako ameniuliza kuhusu hao wengine. Nimemjibu. Waendelee. Ila kila atakayewashwa aambiwe jina la mume wangu kwanza, na aambiwe alivyofanya. Asiyetaka kusikia asitembee."

"Na mimi?"

"Wewe unalijua jina. Rudi kazini. Maji hayajafika kwetu, huyo mpimaji mpya anapima kama amelala." Kisha sauti ikabadilika. "Lakini kwangu, Aikande, uje na kiti. Nimejaribu kufikiri vinginevyo, sikuweza. Siwezi kuzisikia zile hatua uani na kutoka nje kumpokea mtu mwingine."

Aikande alikubali.

Alirudi kazini, na watu wa mteremkoni walimwona tena akipita na fimbo yake, hachoki, mguu wa kushoto ukigusa na kungoja. Kwenye ile miteremko mikali, miguu iliposimama na kumgeuza juu, hakuiharakisha tena. Alisimama nayo. Alingoja mpaka iwe tayari.

Jumapili moja alikwenda kwa Eliwaza. Gari lilimshusha barabarani, akazima miguu, akaikunja juu ya kiti, akaanza kuyasukuma magurudumu kwa mikono. Njia ilikuwa ya kupanda na mvua ilikuwa imeichimba. Alipofika kwenye kona mabega yalikuwa yanawaka na viganja vimechubuka, na kiti kikaanza kumrudisha nyuma. Aliyashika magurudumu, akabaki hapo anahema.

Eliwaza alishuka kutoka uani akipangusa mikono. Alipita nyuma ya kiti, akashika vishikio, akakiinamia.

"Umechoka?" aliuliza.

"Nimechoka," alisema Aikande. "Nimechoka kabisa."

"Haya. Achia magurudumu."

Akayaachia, na Eliwaza akaanza kusukuma.